Mkia wa -im: Miaka Yangu na Kiebrania cha Kale Kismayu

Tangu nistaafu asubuhi zimekuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na wenzangu niliowaacha idarani wameona nisizipoteze bure. Wananitaka niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo sitavieleza, nilivyopewa vilikuwa na majina marefu kuliko shughuli yenyewe. Mishahara nayo, kila aliyefundisha Kismayu anaijua habari yake. Nitaeleza darasa moja dogo, ambalo miaka mingine wanafunzi wake walienea kwenye benchi moja, pamoja na mwalimu aliyenikabidhi darasa hilo na mwanafunzi niliyemkabidhi mimi.

Kwenye ratiba nilikuwa mwalimu wa Kiarabu. Alasiri, joto likipungua, nilikuwa nikifundisha Kiebrania cha kale. Si cha kuzungumza. Mimi mwenyewe siwezi kuomba chai kwa lugha hiyo. Kilikuwa cha kusoma tu, ili wanafunzi wa Kiarabu waione lugha yao kutoka nje, kama mtu anavyosimama barabarani akaitazama nyumba aliyozaliwa. Lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, na ukimjua ndugu wa mtu humjua na mtu mwenyewe zaidi.

Nimezaliwa kisiwa cha Chula. Baba alikuwa fundi wa vyombo, mama akisuka mikeka. Kiarabu nilikianza madrasa, nikakiendeleza shuleni Kismayu, na Kisomali nilikipata sokoni bila kukitafuta, kama watu wote wa kwetu. Nilipomaliza masomo ya ualimu nikapelekwa chuo cha lugha kuwa msaidizi wa Ustadh Athumani. Huyu alikuwa amesoma lugha za kale katika nchi moja ya Kiarabu, akarudi na sanduku zito la vitabu na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi. Mjini wengine walimwona msomi, wengine walimwona mtu aliyekaa ugenini mno. Yeye hakuonekana kuwa na haja ya kujua ni wepi walio wengi.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani kwake nikiwa na maandalio ya somo niliyoyanakili kwa mwandiko wa kupendeza. Hakuyatazama. Alivuta kiti, akaniuliza mbele ya wanafunzi, kwa matamshi ya visiwani kwetu, ambako mtu ni mchu na maji ni mai, "Bi Zena, huko kwenu Chula mchu akishikwa na kiu husema ataka nini?"

"Husema ataka mai, Ustadh."

"Mangapi?"

Darasa likacheka. Nikamwambia mai hayahesabiki.

"Kama hayahesabiki, mbona mnayasema kwa wingi? Mai haya, mai yale. Umoja wake umeuweka wapi?"

Nilikuwa nimefaulu mitihani yote ya sarufi niliyopewa, na hakuna hata mmoja ulioniuliza hilo. Ustadh akasimama, akaandika ubaoni neno kwa herufi za mraba, kuanzia kulia kama Kiarabu, akalisoma: mayim. Maji. Akatuonyesha mwisho wake, ile sauti ya -im, ambayo kwa Kiebrania ni alama ya wingi wa majina ya kiume, kama vile Kiarabu kinavyosema muslimin na kufunga kwa -in. "Maji ya Waebrania nayo hayana umoja," akasema. "Yamevaa nguo ya wingi, na huku yamo ndani ya kikombe kimoja. Wataalamu wanabishana kama mkia huu hapa ni wingi wa kawaida au ni ule wa vitu viwili viwili. Waacheni wabishane. Ninachotaka mkione ni kwamba mkia umo, na hauhesabu kitu."

Mwanafunzi mmoja akaruka kwa furaha: mai na mayim, kumbe ni neno moja! Ustadh akamgeukia kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Hapana. Mai ni ya kwetu, na mayim ni ya kwao. Zimekutana sauti tu. Mtu akifanana na wewe sokoni, utamdai urithi?" Somo hilo nimelirudia kwa kila kundi la wanafunzi niliowahi kuwa nao, na kila kundi lilikuwa na mmoja wa kuruka.

Tangu siku hiyo nilimfuata kama kivuli. Alinifundisha kanuni moja ambayo aliisema mpaka tukaiota: ukiona mkia wa -im, usiulize ni vingapi, uliza neno limegeuka kuwa nini. Maana mkia huo mara nyingi hufanya kazi yake ya kawaida, mfalme akawa wafalme, na hapo huna la kushangaa. Lakini mara nyingine hulichukua neno likaenda kwingine kabisa. Ets ni mti. Etsim inaweza kuwa miti, na inaweza kuwa kuni, yaani mti uliokwisha kukatwa ukawa vipande. Zaken ni mzee. Zekunim si wazee, ni uzee. Naar ni kijana, neurim ni ujana. Hai, kama tunavyosema sisi tulioliazima kwa Mwarabu, ni aliye hai. Ongeza mkia, hayim, si walio hai tu bali maisha yenyewe. Na sisi husema maisha haya, kwa wingi, ingawa kila mtu anayo mamoja.

Nilipokuwa msaidizi shida yangu kubwa ilikuwa macho ya wanafunzi. Herufi zilikuwa ngeni kwao, na kila nilipofuta na kuandika upya walipotea. Nikamwomba baba anichongee vibao vyembamba kwa mabaki ya mbao za chombo alichokuwa akikiunda. Kila kibao kilichukua neno moja, na upande wake wa kushoto kilikuwa na pengo. Mkia wa -im ulikuwa kibao cha peke yake, chenye ulimi wa kuingia kwenye pengo lile. Mwanafunzi alikuwa akiuchomeka kwa mkono wake, anasikia "tak," kisha anasema neno limekuwa nini. Baba aliulainisha ule ulimi kwa mafuta ya papa yale yale aliyokuwa akipaka vyombo, na kwa miaka mingi darasa langu la Kiebrania lilinuka kama pwani ya Chula maji yakitoka. Wageni wa wizara walipotutembelea waliniuliza kama paa linavuja.

Kisha vita vikaja, chuo kikafungwa, na watu wa visiwani wakatawanyika. Sisi tulikwenda Mombasa. Ustadh alikataa kuondoka. Alisema vitabu vyake ni vizito na mgongo wake ni mwepesi. Mombasa nilifundisha Kiarabu watoto wa wakimbizi wenzetu chini ya turubai, na Kiebrania nilikiweka kichwani tu. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo halikuniacha. Dam ni damu. Damim ni damu ile ile kwa wingi, na katika maandishi ya kale hutajwa hivyo hasa ikiwa imemwagwa. Ikiwa mwilini ni moja, imetulia, haina kelele. Ikishamwagika inakuwa nyingi, na mtu aliyeimwaga ana damim juu yake. Nilipokuwa kijana nililifundisha neno hilo kama mfano wa tatu katika orodha. Kila ilipokuja habari ya jamaa aliyeuawa Kismayu au aliyezama baharini akikimbia, nilikuwa nikiwafikiria wale waandishi wa kale, waliojua kulipatia neno mkia mmoja tu likabeba mzigo wote ule. Mpaka leo nawastahi kwa hilo.

Tuliporudi, chuo kilikuwa kimepakwa chokaa na kufunguliwa tena, sehemu tu. Ustadh Athumani nilimkuta hai, amekonda zaidi, na miwani imepata uzi wa upande wa pili. Alinitazama mlangoni akasema, "Umechelewa. Wanafunzi wanakusubiri." Hakuwapo mwanafunzi hata mmoja. Walikuja baadaye, mmoja mmoja, na yeye akaniachia darasa akabaki kukaa kiti cha nyuma, akisinzia na kuamka panapokosewa.

Mwanaesha alikuja katika kundi la mwanzo la miaka ile. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Kudhaa, mwanamke mzima, si msichana. Aliolewa, akakaa kwa mumewe bila kupata mtoto, akaachwa. Dada yake alikuwa amefariki na kuacha watoto watatu wadogo, na Mwanaesha aliwachukua akawalea nyumbani kwa baba yake, Mzee Bwanaheri, nahodha wa zamani aliyehamia Kismayu. Alikuwa akifika chuoni amechelewa, mkononi ana harufu ya kitunguu, anakaa mbele. Alikuwa na sikio ambalo mwalimu hulipata mara moja tu maishani, akibahatika. Nilipomweleza kanuni ya Ustadh kuhusu mkia, aliuchomeka ulimi wa kibao, akasikiliza ile "tak," akasema, "Kwa hiyo mkia huu mara hukata na mara hukuza." Ustadh akaamka kitini kwake. Alikuwa hajawahi kuamkia jibu la sawa.

Sasa nieleze siku ngumu kuliko zote nilizopata kazini.

Katika Kiebrania cha kale, neno moja analotajiwa Mungu ni Elohim. Mkia ni ule ule wa -im. Hakuna anayefundisha mkia huo akaliruka neno hilo, kwa sababu ndilo linaloonyesha jambo lenyewe kwa uwazi wote: jina lina umbo la wingi, lakini akitajwa Mungu Mmoja, kitendo kinachofuata huwa cha umoja. Aliumba, si waliumba. Nililifundisha hivyo, kama nilivyofundishwa. Mwanaesha alikwenda nyumbani amejawa na jambo hilo, na jioni wageni walipokuja kumsalimu baba yake, akalisema barazani: kwamba katika Kiebrania jina la Mungu lina alama ya wingi. Sehemu ya pili ya sentensi, ile ya kitendo cha umoja, hakupata nafasi ya kuimaliza. Wageni walikuwa wamekwisha kutazamana.

Asubuhi ya pili yake Mzee Bwanaheri alifika ofisini kwangu pamoja na khatibu wa msikiti wa jirani. Ustadh Athumani alikuwa amekaa pembeni. Mzee hakukubali kiti.

"Mwalimu Zena," alisema, "mimi sikusoma kama nyinyi. Lakini binti yangu amesema mbele ya wachu kwamba mwalimu wake afundisha Mungu ni wengi. Hilo neno limetoka nyumbani mwangu. Leo linatembea mjini."

Nikamwambia sikufundisha hivyo.

"Sikuja kubishana. Nimekuja kumwondoa. Atarudi Kudhaa na wale watoto. Wachu wamemsema kwa mwili wake, nikastahimili. Sasa wamseme na kwa dini yake?" Sauti ilimpasuka hapo, na nikaelewa kwamba hakuwa amekuja kwa hasira. Alikuwa amekuja kwa hofu, na katika mji wetu, kwa miaka ile, hofu yake ilikuwa na sababu. Watu walikuwa wakipoteza zaidi ya darasa kwa neno moja lililosikiwa vibaya. Nami niliogopa. Nilijua kwamba sentensi yangu inayofuata huenda ikalifunga darasa, na kumrudisha Mwanaesha mahali ambapo kitabu pekee atakachokiona ni cha watoto.

Nilimgeukia khatibu. "Shehe, ulipoingia hapa ulinisalimu vipi?"

"Nilikwambia assalamu alaikum."

"Na ulikuwa unamsalimu nani?"

"Wewe."

"Ile kum, shehe, ni ya mmoja au ya wengi?"

Akatabasamu kidogo, alikuwa mtu mwenye elimu. "Ni ya wengi. Lakini Mwalimu, wapo wanazuoni wanaosema tunamsalimia mtu pamoja na malaika walio naye. Kwa hiyo hoja yako haijasimama."

Ilikuwa kweli, haijasimama. Nikamwambia nakubali, na nikajaribu njia nyingine. Nilileta vibao mezani. Nikamwonyesha neno adon, bwana, mwenye mamlaka. Nikauchomeka mkia: adonim. Nikamweleza kwamba katika maandishi yale ya kale bwana mmoja, binadamu tu, anayetawala watumwa wake, anaweza kutajwa adonim, na sifa inayomfuata ikabaki ya umoja: bwana mkali, si mabwana wakali. Hata mwenye ng'ombe mmoja, kwa neno jingine la umiliki, hutajwa kwa wingi, kwa sababu ndiye mwenye mali na amri. Mkia hapo hauhesabu watu. Unauonyesha ukubwa wa mtu juu ya kilicho chake.

Khatibu alikishika kile kibao, akakigeuza, akakinusa. Kisha aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. "Na kama hao watu wa kale wangetaka kusema miungu ya uongo, wale masanamu, wangetumia neno gani?"

Nikasema, "Neno lile lile, shehe."

Ustadh akanitazama juu ya miwani yake. Najua wapo walimu ambao wangeficha. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa haki.

"Basi msomaji atajuaje?"

"Kwa kitendo. Wakiwa masanamu, kitendo huwa cha wengi. Akiwa ni Muumba, kitendo ni cha mmoja. Jina lina utukufu, na kitendo kinashuhudia umoja."

Khatibu aliweka kibao chini taratibu. Akamgeukia Mzee Bwanaheri akasema naye kwa upole sana. "Mzee wangu, Mola wetu anapojitaja katika kisomo kwa neno Sisi, wewe huelewa kwamba ni wengi?"

"Hasha. Ni utukufu wake."

"Basi binti yako alikuwa akisema hilo. Alikatizwa njiani."

Mzee alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. Nikamtilia maji akanywa. Baada ya muda akasema, "Sasa nani atawaambia wale wageni sehemu iliyobaki?" Khatibu akasema atawaambia yeye mwenyewe, baada ya sala, na aliwaambia.

Lakini alikuwa na sharti. Alisema, "Mwalimu, ubaoni huandikwa na kufutwa, vumbi la chaki linaanguka chini watu wakalikanyaga. Jina la Muumba, kwa lugha yoyote, usilitie humo. Lifundishe kwa mdomo." Nilikubali papo hapo, wala si kwa kuogopa. Alikuwa na haki, na sikuwa nimelifikiria. Ustadh akaongeza kwamba waandishi wa Kiebrania nao walikuwa hawaruhusu jina hilo lifutwe. Khatibu akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Tangu siku hiyo neno lile sijaliandika ubaoni mpaka nimestaafu, na mtakaonifuata nawaomba mlifundishe hivyo hivyo. Wanafunzi hulikumbuka zaidi wanapolisikia bila kuliona.

Mwanaesha alibaki. Alifika kesho yake amechelewa kama kawaida, mkono unanuka kitunguu.

Miezi iliyofuata tulifika kwenye maneno ya viungo vya mwili. Somo hili huwa jepesi na wanafunzi hulipenda. Uso kwa Kiebrania cha kale ni panim, kwa wingi siku zote. Hakuna uso mmoja. Ustadh aliwahi kusema kwamba aliyebuni neno hilo lazima alikuwa na wakwe. Kisha tukafika kwenye rehem, tumbo la uzazi, ambalo kila mwanafunzi wa Kiarabu analitambua kwa mzizi wake. Nikampa Mwanaesha kibao, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Akauchomeka mkia.

"Rahamim," nikasoma. "Limekuwa nini?"

Mmoja akasema matumbo. Nikasema hapana. Ni huruma. Ni kile anachokisikia mtu ndani mwake juu ya mwana, au juu ya yeyote aliye kama mwana. Nikaendelea na neno jingine, na nilipoinua macho Mwanaesha alikuwa amekwisha kutoka.

Nilimkuta uani kwenye tangi la maji, ananawa uso. Nilisimama mbali kidogo. Nilikuwa nimelitamka neno lile la tumbo mbele ya watu, kwake yeye, kwa uhodari wote wa mwalimu anayelipenda somo lake.

"Mwanaesha, nimekuudhi?"

Akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni. "La, Mwalimu. Neno hili tumbo nimelisikia kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwa wanawake kisimani. Kila nilipolisikia lilikuwa la kunihukumu. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisikia likienda mahali pazuri."

Nilitaka kunyamaza, lakini mwalimu ni mwalimu. Nilimwambia wataalamu hawakubaliani jinsi neno moja lilivyozaa lingine. Wapo wanaosema mzizi wenyewe ulikuwa wa huruma tangu mwanzo, na tumbo likaitwa kwa hiyo. Asilibebeshe neno zaidi ya uwezo wake.

Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akacheka. "Najua, Mwalimu. Nitalitilia tanbihi." Kisha akatazama lango ambako yule mdogo wa watoto wa dada yake alikuwa akimngojea na mkoba wake mgongoni. "Lakini mkia usipolihesabu, Mwalimu, ukalikuza tu, basi nami..." Hakumaliza. Alikwenda kumfunga yule mtoto kamba ya kiatu.

Aliendelea kusoma. Alimaliza kwetu, akapata nafasi ya masomo ya juu nje, na Mzee Bwanaheri ndiye aliyebaki na watoto muda huo wote, akiwapikia samaki na wali mpaka, walivyosema wao, wakatamani hata ugonjwa wapewe uji. Mwanaesha alirudi akiwa amenizidi kwa mbali. Anasoma maandishi ambayo mimi huyazunguka, na makosa yangu mawili matatu ya zamani ameyasahihisha kwa adabu, kila moja akianza na "Labda Mwalimu alikuwa na haraka." Sioni haya kusema namwonea fahari.

Ustadh Athumani aliwahi kumsikia akisoma kazi yake mara moja. Macho yalikuwa yamemwisha, na viungo vilikuwa vikimsumbua. Tulikwenda kumwona nyumbani alasiri, na Mwanaesha akamsomea ukurasa mmoja wa utafiti wake. Ustadh alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini uzee una mkia wa -im. Kila kiungo kinazeeka kivyake." Tulicheka naye sana. Akamtaka Mwanaesha arudie aya moja, si kwa kuwa hakuielewa, bali kwa kuwa ilimpendeza. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, na vitabu vyake viko maktabani kwetu, rafu ya chini, kwa sababu kweli ni vizito.

Niliacha kazi mwezi uliopita. Sikutaka sherehe, niliwaomba tu darasa langu la mwisho alifundishe Mwanaesha, nami nikae nyuma kwenye kiti cha Ustadh. Nilifika mapema nikamkuta Mzee Bwanaheri langoni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, pamoja na wale watoto watatu, ambao sasa mmoja ana ndevu. Walikuja kumsikiliza. Mlinzi wetu ni mgeni, na kazi yake ni kuuliza kila mtu.

Miaka yote niliyomjua, mzee huyu akiulizwa habari ya watoto hao alikuwa na jibu moja. Husema, "Ni wa marehemu binti yangu," na akiulizwa juu ya Mwanaesha husema hakujaliwa, kisha hugeuza mazungumzo. Nililijua jibu hilo, nikasogea ili nimsaidie.

"Hawa ni wa nani, mzee?" aliuliza mlinzi.

"Wa Mwanaesha."

Mlinzi aliwatazama, kijana wa ndevu, na dada yake, na yule mdogo ambaye amewapita wote kimo. "Mwalimu Mwanaesha? Wote?"

"Wote," alisema Mzee Bwanaheri, akawatanguliza mbele yake, wakaingia.